Mume na Mke kwa Siku Nne

Masharti waliyawekeana Port Augusta, kwenye kituo cha mafuta, kila mmoja amesimama upande wake wa gari, vikombe vya kahawa vimekaa juu ya boneti.

"Siku nne," alisema Renae. "Tunafika leo Ijumaa, tunaondoka Jumatatu. Jumapili Warrick anatimiza arobaini. Hatuendi kumharibia mtu sikukuu yake."

"Na kulala?" Fergus aliuliza.

"Tutalala. Watu hulala."

"Namaanisha…"

"Najua unamaanisha nini. Godoro lina pande mbili."

Fergus alikunywa kahawa yake, akatazama malori yaliyokuwa yakipita kwenda magharibi.

"Wakiuliza habari za nyumbani?"

"Nyumbani kwema. Paka mzima. Wewe bado uko mgodini, mimi bado napima masikio ya wazee. Kuna uongo hapo?"

Hakukuwa na uongo. Kilichokuwepo ni hiki: tangu mwezi Machi Fergus alikuwa akilala kwenye chumba cha nyuma cha mfanyakazi mwenzake, huko Semaphore, pwani ya Adelaide. Aliondoka na begi moja na boksi la vifaa vyake vya kupimia ardhi, akamwachia Renae nyumba na paka. Mama yake Renae, Bi Glenys, aliipokea habari hiyo kwa mikono miwili. Wiki haijaisha, alikuwa amekwisha mtafutia binti yake fleti, mitaa miwili kutoka kwake, pamoja na dalali wa kuiuza ile nyumba. Huyu mama hakuwahi kumpenda Fergus. Mwanamume wa kukaa mgodini wiki mbili na nyumbani wiki moja, alikuwa akisema, huyo si mume, ni mgeni mwenye ufunguo.

Warrick na Despina hawakuambiwa. Ingekuwa shida kuwaambia kwa simu, maana wao ndio waliowakutanisha. Miaka kumi na moja iliyopita, kwenye harusi yao, Fergus alimsimamia bwana harusi na Renae akamsimamia bibi harusi, na tangu siku hiyo Despina hakuacha kudai ada yake ya ushenga.

Walifika Smoky Bay jua likiwa bado juu. Despina alitoka nyumbani mbiombio, aproni kiunoni, akamkumbatia Renae mpaka miwani ikamwanguka.

"Chumba cha wageni kimejaa nyavu za Warrick," alisema. "Lakini nimewapigia hema pale mbele ya bahari. Nimewatilia godoro moja, dogo, mbanane vizuri. Wiki mbili mgodini si mchezo, eti Fergus?"

"Si mchezo," Fergus alikubali.

"Umemsikia? Nenda zako, Renae, hema hilo pale. Hatutawasumbua."

Renae alitabasamu. Aliona Fergus naye anatabasamu, na akaona kwamba wote wawili walikuwa wamelifanyia mazoezi tabasamu hilo njiani.

Siku ya kwanza ilipita salama. Siku ya pili Warrick aliwapeleka kwenye vilima vya mchanga, vyeupe kama chumvi, wakateremka kwa mbao zilizopakwa nta. Warrick alikuwa mtu mnene, mwenye ndevu nyekundu, na kila mtu akianguka yeye ndiye alikuwa wa kwanza kucheka.

"Fergus!" alipiga kelele kutoka juu. "Kaka, umeteremka kama gunia la viazi!"

"Gunia lina akili kunishinda. Halipandi tena."

Jioni hiyohiyo waliingia kwenye boti ya kazi, wakaenda kwenye vichanja vya chaza. Warrick aliishi kwa chaza: aliwapanda wadogo kama kucha, akawalea miaka, akawavuna. Alichomoa kikapu kimoja majini, akatoa kisu kifupi, akaanza kuwafungua mmoja mmoja na kuwagawia pale pale, na ndimu.

"Ngoja," Despina alisema. "Mpe Fergus kisu. Siku ya harusi yetu huyu ndiye aliyemfungulia Renae chaza wake wa kwanza. Mimi nilikuwa na shela kichwani lakini macho nilikuwa nayo. Mlishe mkeo, wewe!"

Hakukuwa na pa kukimbilia. Walikuwa kwenye boti. Fergus alifungua chaza mmoja. Alikuwa na mikono mizuri kwa kazi ndogondogo, Renae alilijua hilo kabla hajajua mengine. Akamkamulia ndimu, akamnyooshea. Macho yao yalikutana kwa muda wa kumeza. Renae alimeza, akasema asante, akageuka kutazama maji.

"Mwone anavyoona haya," Despina alicheka. "Miaka tisa ya ndoa, bado anaona haya!"

Usiku walilala migongo ikitazamana. Renae alimsikia akipumua, na kwa jinsi alivyowapima watu wengi masikio, alijua pumzi ya mtu aliyelala na ya mtu anayejifanya kulala.

Jumapili asubuhi bahari ilikupwa sana. Maji yaliondoka ufukweni yakaacha tambarare ya tope na nyasi bahari, na zaidi ya hapo maji ya magotini, mtu angeweza kutembea nusu saa bila kulowa kiuno. Hiyo ndiyo saa ya kaa. Warrick aligawa reki za waya zenye meno yaliyopindwa, na mabeseni ya kufunga kiunoni kwa kamba, yaelee nyuma.

"Mwenye kipimo hapunjwi," alisema, akimpa Renae kipimo cha plastiki. "Kaa asiyefika hapa, mrudishe. Jike mwenye mayai, mrudishe na umwombe radhi. Mimi na mama watoto tunakwenda kule kwenye mkondo. Nyinyi bakini hapa, maji mafupi."

"Mama watoto gani, watoto wako wapi?" Despina alimjibu, lakini alikwenda naye, wakibishana, mpaka sauti zao zikapungua.

Renae na Fergus walifanya kazi. Hilo halikuwa gumu kwao. Fergus alipitisha reki kwenye nyasi, akimsikia kaa, anamwinua juu haraka, kijani na buluu, mikasi wazi. Renae akamkamata kwa nyuma, akampima, akamtia beseni au akamrudisha. Hawakuhitaji kusemezana. Walipata kumi, wakapata kumi na watatu.

Kisha kaa mmoja aliyewaponyoka alimshika Renae kidole cha mguu, juu ya kiatu cha turubai, na Renae akapiga ukelele.

"Usivute," Fergus alisema. "Usivute, ndipo anapokaza."

Alipiga magoti majini, shati likalowa mpaka kifuani. Aliushika mguu wa Renae kwa mkono mmoja, akamsubiri kaa, naye kaa akachoka akaachia. Mkono wa Fergus ulibaki pale kwenye kifundo cha mguu. Haukukaa sana. Ulikaa muda uliohitajika kwa ajili ya kaa tu, au zaidi kidogo. Renae hakuweza kuhesabu.

"Asante."

"Si kitu."

Renae alikuwa ameshika kaa mwingine, dume kubwa, kwa mikono yote miwili, simu ilipoanza kulia ndani ya mfuko wa plastiki uliokuwa shingoni mwake. Jina lilionekana: Mama.

"Nibonyezee," alisema. "Mikono yangu imejaa."

Fergus alibonyeza. Na kwa kuwa Renae asingeweza kuiweka sikioni, akabonyeza na kipaza sauti.

"Renae? Umemwambia?"

"Mama, niko baharini…"

"Dalali kapiga tena. Wale wanunuzi wa Norwood wanataka jibu Jumatano. Unamwonea haya nani? Mwambie atie sahihi, yaishe. Hatakataa. Yule mtu namjua mimi. Hajui kubisha. Mwaka jana nilimwambia asije kwenye mazishi, alibisha? Hakubisha hata neno moja. Sasa atabishia nyumba?"

Kaa alikuwa akirusha miguu hewani, mikononi mwa Renae.

"Ulimwambia nini, Mama?"

Pelikani wawili walipita chini kwa chini juu ya maji.

"Kuna upepo huko," alisema Bi Glenys. "Sikusikii vizuri."

"Unanisikia vizuri sana."

"Mwanangu, wiki ile kila mtu alikuwa… Tutaongea ukirudi." Na simu ikakatika.

Renae alimtia kaa beseni bila kumpima. Akanawa mikono majini, polepole, kidole kimoja baada ya kingine.

"Wiki ya mazishi ya Baba uliniambia ndege ya mgodini imejaa," alisema.

"Haikujaa."

"Kulikuwa na nafasi."

"Nne."

"Eleza."

Fergus aliisimika reki kwenye tope, akaishikilia kama mtu anayesubiri zamu.

"Alinipigia Jumanne. Akasema unataka kuwa na watu wako siku hiyo. Akasema mimi nimezoea kuja na kuondoka, nisije nikafanya hivyo mbele ya jeneza la Mzee Neville."

"Ukaamini mimi ndiye niliyesema?"

"Hapana."

"Hukuamini?"

"Hata kidogo. Nilijua ni maneno yake."

"Sasa?"

Huko mbali Despina alikuwa amemwinua kaa juu ya reki, akimwonyesha mumewe.

"Sasa nilifurahi," Fergus alisema. "Hilo ndilo nililoshindwa kukwambia, miezi yote hii. Angesema njoo, ningekuja. Aliposema usije, nilishusha pumzi. Sikutaka kumwona yule mzee sandukuni, Renae. Baba yako ndiye aliyenifundisha kufunga ndoano. Mimi wa kwangu simjui hata kwa picha. Nikaona, kumbe naweza nisiende, na lawama ikawa ya mtu mwingine. Nikamwambia Mama sawa."

Renae alimtazama. Alikuwa amemzoea Fergus wa ndege iliyojaa. Huyo alikuwa mtu asiye na bahati, asiye na haraka, mtu wa kumsamehe kwa mdomo na kumwacha kwa moyo. Huyu aliyesimama hapa alikuwa mwoga, tena amesema kwa kinywa chake.

"Niliweka koti langu kwenye kiti," alisema Renae.

"Kiti gani?"

"Kanisani. Pembeni yangu. Mtu akitaka kukaa namwambia samahani, kuna mtu. Nimekaa na koti ibada nzima. Shangazi akaniuliza, huyo mtu yuko wapi? Nikamwambia anakuja kutoka uwanja wa ndege. Nilikuwa nimeshajua huji, Fergus, ulikuwa umeshaniambia. Koti sikuliondoa."

Fergus aliing'oa reki, akaisimika tena.

"Ungeniambia!"

"Ungegombana na mama yako wiki unayomzika baba yako."

"Hilo lilikuwa langu kuamua! Langu! Wewe na Mama mnanigawana kama mkate, huyu kipande chake, huyu kipande chake, mimi nimekaa na koti!"

Sauti yake ilikwenda mbali juu ya maji. Kule kwenye mkondo Despina aligeuka.

"Na wewe hukuniuliza," Fergus alisema, na sasa sauti yake pia ilikuwa imepanda. "Niliporudi, mwezi mzima uliniwekea chakula, ukaniambia tafadhali, ukaniambia asante. Kila siku nasubiri leo atanitukana. Hata sahani hukuvunja. Ningekwambia yote, siku hiyohiyo."

"Nikutukane kwa ajili ya ndege iliyojaa?"

"Ndiyo!"

"Mtu anatukanaje ndege?"

Walikuwa wakipumua kama watu waliokimbia. Maji yaliyokuwa chini ya magoti yalikuwa yamefika mapajani, na beseni la kaa lilikuwa limeanza kuvutwa upande, kamba ikimkaza Renae kiunoni.

"Nyie wawili!" Warrick aliita, viganja mdomoni. "Bahari inarudi! Mapenzi mtamalizia nchi kavu!"

Kaa walichemshwa kwenye pipa la maji ya bahari, nyuma ya nyumba, mpaka wakawa wekundu. Despina alitandika magazeti mezani, chini ya baraza, akamwaga kaa katikati, akaweka siki, siagi, mkate na sinia la samaki weupe aliowakaanga jana. Badala ya keki alikuwa ameoka pai ya kwandong, lile tunda jekundu la porini lenye uchachu, kwa kuwa mumewe hakupenda keki. Mishumaa arobaini haikuenea, aliweka minne.

Walikula kwa mikono, wakivunja miguu ya kaa kwa koleo. Warrick alipuliza mishumaa. Despina akasimama na glasi.

"Kwa mume wangu, ambaye sasa ni mzee," alisema. "Na kwa wageni wetu, waliosafiri siku nzima kwa ajili yake. Kila nikiwatazama hawa wawili najiambia, Despina, kuna jambo moja ulilifanya sawasawa…"

"Despina," Renae alisema. "Keti, mwenzangu."

"Sijamaliza."

"Najua. Mimi na Fergus tumeachana. Tangu Machi."

Fergus aliweka koleo chini. Warrick alikuwa na mguu wa kaa mdomoni, aliutoa.

"Tulitaka kuwaambia kesho," Renae aliendelea, kwa sauti ileile anayomwambia nayo mzee kwamba sikio la kushoto halitarudi. "Hatukutaka kuharibu sikukuu. Lakini siwezi kuinua glasi kwa hilo ulilotaka kusema."

"Na hema?" Warrick aliuliza.

"Hema zuri," Fergus alisema.

"Siku tatu," Despina alisema. Bado alikuwa amesimama. "Siku tatu nawaangalia mnavyopeana chumvi. Tafadhali, asante, samahani. Nikamwambia Warrick, Fergus anaumwa, anaumwa ugonjwa mbaya, anaficha. Nimelia jana jikoni juu ya wale samaki kwa ajili yako, mshenzi wewe, na u mzima!"

"Pole, Despina."

"Pole ya nini? Mimi mtu wa kuchungwa kama mtoto, eti pai yangu isiharibike?" Akakusanya sahani, zikiwa bado na chakula, akaingia nazo ndani, mlango ukabamizwa.

Warrick alitazama mahali sahani yake ilipokuwa.

"Atarudi," alisema. "Huwa anarudi." Kisha akamgeukia Fergus. "Kaka, sijui nikwambie nini. Unataka bia?"

Fergus alitikisa kichwa. Aliinuka, akauliza basi la Adelaide linaondoka Ceduna saa ngapi. Warrick akamwambia saa kumi na moja jioni, na kwamba kama ni lazima atampeleka.

Renae alisaidia kufuta meza. Ndani, Despina alikuwa akiosha vyombo kwa fujo. Hakugeuka, lakini alisema, "Chukua kitambaa, kausha," na Renae alijua hilo lilikuwa mwanzo wa msamaha. Alikausha sahani tatu. Ya nne aliiweka chini ikiwa bado inachuruzika, akatoka.

Kwenye hema, Fergus alikuwa akikunja mashati. Aliyakunja vizuri, kama siku zote.

"Nakuachia gari," alisema. "Itakuwa rahisi kwako. Na zile karatasi za nyumba, nitumie tu. Nitatia sahihi."

"Nani kakwambia upande basi?"

"Sasa wameshajua. Nilidhani…"

"Ulidhani. Umedhani peke yako, umeamua peke yako, unafungasha peke yako. Wewe hujifunzi?"

Fergus alisimama na shati mkononi, shingo imeinama kwa sababu ya paa la hema.

"Unataka nibaki?"

"Sijasema hivyo." Renae aliingia, akaketi ukingoni mwa godoro, upande wake. "Nina hasira ya mwaka mzima na miezi juu yake. Leo nimetumia robo saa tu, bahari ikatufukuza. Ukipanda hilo basi, iliyobaki nimpelekee nani? Mama ana ya kwake inamngoja."

Nje, pikapu iliwashwa. Warrick akapiga honi mara moja, kwa staha.

Renae alitoa kichwa nje ya hema. "Zima gari, Warrick! Tuna maongezi!"

Injini ilizimwa. Alirudisha kichwa ndani. Fergus alikuwa bado amesimama.

"Keti."

Fergus aliketi upande wake. Kati yao palikuwa na begi lililo wazi, na hakuna aliyeliondoa.

"Siku ile Mama alipokupigia," Renae alisema, "ulikuwa wapi?"

"Bwaloni. Nilikuwa nakula."

"Unakula nini?"

"Nyama ya kondoo na viazi."

"Simu ilipokatika, ukaimaliza?"

Fergus alitazama mikono yake. Angeweza kusema hapana. Hakuna ambaye angejua.

"Nilimaliza," alisema. "Na nikaongeza."

Renae alifumba macho, akayafumbua.

"Endelea," akasema.